Vitambaa vya Malkia Bertranda

Nikosia, 30 Novemba

Mdogo wangu Loizos,

Hujambo? Na mgongo wako? Kifua changu kinakwaruza kwa majivu ya kufulia, lakini kazi ya ikulu naiweza bado.

Umesikia mfalme kafa kwa homa. Malkia Bertranda ana miaka kumi na tisa, hana mtoto, na shemeji yake anakitaka kiti. Sheria ya Kupro unaijua: mjane mwenye mimba haguswi mpaka ajifungue. Basi malkia kasema anayo. Hana.

Kila mwezi mabibi waliotumwa na shemeji wanapekua kapu langu la nguo chafu. Wakikuta vitambaa vyake vya damu, atapandishwa ngome ya mlimani, na aliyepanda kule hashuki. Kanishika mikono hii yenye nyufa: "Mama Annezou, nisitiri mpaka Pasaka. Merikebu za baba zitafika."

Chini ya jibini niliyokutumia utavikuta. Vichome kwenye tanuru lako la chokaa; hapa hata meko wanayapekua. Na ufunge domo!

Dada yako,
Annezou


Kerinia, 6 Desemba

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Mgongo mzima, mimi mzima, anayelalamika ni punda tu.

Umemwandikia mtu mwenyewe! Mimi nimewabwaga mabaharia wawili wa Genoa kwa mkono mmoja, nimetukanwa kwa lugha nne nikajibu kwa tano. Nitashindwa na vitambaa? Padri alinifukuza shule kabla ya herufi za mwisho, lakini kunyamaza sikuhitaji kufundishwa. (Usicheke.)

Vimeungua vyote. Jibini nimeila yote. Mwambie malkia mwanamume wa kutegemewa yupo Kupro, naye anatazama bahari kila asubuhi kwa niaba yake.

Mdogo wako,
Loizos


Nikosia, 20 Januari

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi nakohoa tu.

Mabibi wamepekua tena, wakaondoka wamenuna. Malkia sasa anajifunga sufu tumboni. Huuliza habari za merikebu kabla hata sijamsalimu. Nimekutumia kikapu kingine. Choma siku hiyo hiyo.

Dada yako,
Annezou


Kerinia, 2 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sina mzaha.

Kikapu cha pili kilifika wakati wa mvua, tanuru limezimika. Jirani yangu Maroulla alikuwa amejifungua mapacha, kawafunga gunia, midomo imekuwa ya samawati. Na mimi nimekalia kitani laini vile! Nilivifua mara tatu, nikampa viwili. Doa halikutoka lote. Mimi si mfuaji.

Jana mpanda farasi wa shemeji alimkuta Maroulla kisimani na watoto, akaona taji limeshonwa pembeni ya kitambaa. Dogo kama chawa, dada, sikuliona. Akakigeuza, akaliona na doa. Maroulla kasema kaokota njiani. Jamaa kachukua kitambaa, kaondoka mbio kuelekea kwenu.

Toroka. Njoo kwangu. Nijibu.

Mdogo wako,
Loizos


Nikosia, 9 Machi

Loizos,

Barua yako imefika baada ya farasi. Malkia kakamatwa jana, hata joho hakupewa. Mimi nimesema nilivitupa njiani mwenyewe. Kesho napanda naye.

Ukiulizwa, huna dada. Usiandike tena. Watoto wa Maroulla waache na kitambaa kilichobaki, wao hawana kosa.

Annezou, mfuaji


Langoni, chini ya mlima, 15 Machi

Dada yangu Annezou,

Shikamoo.

Merikebu za baba yake malkia ziliingia Kerinia juzi, mbili. Zimemletea shemeji farasi na divai.

Na wewe mlinzi utakayeisoma hii kwanza, isome kwa sauti, wenzako wasikie. Annezou amewadanganya. Vitambaa alinitumia mimi, Loizos mchoma chokaa, mtoto wa mama yake. Aliniambia nichome, sikuchoma. Aliyemponza malkia wenu ni mimi. Mshusheni yeye, mnipandishe mimi. Nala sana, lakini nabeba mawe ya watu watatu, waulizeni Kerinia nzima.

Dada, mlinzi wa zamu ya asubuhi kaniambia walipandishwa wanawake wawili kwenye theluji, akafika mmoja. Hajui ni yupi. Nikamwambia hajui kuhesabu. Hakunipiga hata kofi. Alinipa mkate wake, akatazama pembeni.

Sijaula. Nimekaa hapa mlangoni, nangoja waniite.

Mdogo wako,
Loizos