Viberiti vya Darasa la Tatu

Shikamoo Mama,

Baridi ya Sumbawanga haina adabu, nalala na lile sweta la mtumba ulilonipa. Tunapima minyoo shuleni. Mtoto analeta choo chake ndani ya kiberiti, na akikutwa na minyoo anapewa dawa pamoja na uji wa ulezi wenye maziwa kila asubuhi. Basi darasa la tatu lote likakutwa na minyoo! Nikauliza kulikoni. Akasimama binti mmoja mwembamba: "Minyoo ni yangu, nesi. Wenzangu nao wanataka uji, nikawagawia."

Dawa nikampa yeye. Uji nikawaandikia wote.

Nimekukumbuka mno, Mama. Nikirudi, ukikuta kiberiti mkobani mwangu, tafadhali nunua kingine cha kuwashia jiko.

Mwanao, Rehema