Binti Uliyemwambia Huelewi

Sokon One, Arusha
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Nakuandikia nikitumaini kwamba goti limepata nafuu, baridi ya mlimani haikusumbui sana msimu huu, na yule ng'ombe aliyekuwa anasusia majani amerudia hali yake. Mwenyekiti wa kikundi chenu cha kina mama, Mama Anande, mfikishie salamu zangu kabla hajaanza kulalamika kwamba nimemsahau. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo ina maneno, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Nina wivu, Mama. Nalisema mapema usije ukahangaika ukidhani nimefukuzwa kazi au naumwa. Namwonea wivu Naisula, mfanyakazi mwenzangu, yule binti wa Terrat ambaye siku hizi ukinipigia simu unauliza hali yake kabla ya yangu.

Unajua tulivyohangaika na Msaragambo, ile programu ya kupanga kazi za miradi. Ni programu huria: hakuna anayeinunua, yeyote anaweza kuitumia, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Wenzangu waliijenga, mimi nikaandika mwongozo wake, yaani maelezo ya kumfundisha mtu jinsi ya kuweka kazi gani ifanyike, nani aifanye na lini iwe imekwisha. Frederick, anayetuongoza, akanipa na mamlaka juu yake: hakuna neno jipya linaloingia kwenye mwongozo bila mimi kulikubali. Niliuandika kwa Kiswahili kizito, chenye utangulizi mrefu na istilahi zake, nikajisikia mwandishi hasa. Niliuona kama shamba langu, lenye mipaka iliyopandwa masale.

Ndipo nikauleta kwenu Tengeru, kikundi chenu kilipoanza mradi wa tangi la maji ya kumwagilia mboga. Siku ile kwenye ukumbi wa usharika niliwasomea mwongozo wote, na kila sura ilipoisha niliuliza kama tuko pamoja, nanyi mkaitikia kwa sauti moja kwamba tuko pamoja. Mama Anande akaomba nipigiwe makofi ya kilo. Wewe ulikaa mbele kabisa na kitenge kipya, ukiitikia kwa kichwa kila nilipotamka neno gumu. Nilirudi mjini nikamwambia Frederick kwamba kina mama wa Tengeru wameelewa kuliko watu wote.

Kumbe hakuna aliyeingiza hata kazi moja. Fundi alikuja kujenga siku ambayo mchanga haujaletwa, na mchanga ukaja siku ambayo fundi yuko msibani Usa River. Mkarudia kupigiana simu. Nilipokuuliza, ulisema programu ni nzuri sana, tatizo ni mtandao. Nami nikaulaumu mtandao kwa moyo wangu wote.

Naisula alipojiunga nasi hakuomba kuandika chochote. Alitaka tu kwenda kukaa na watu wanaoitumia programu. Nilicheka, nikamwambia Frederick ampeleke kwa mama yangu, angalau atakula vizuri. Na kula alikula, maana nimesikia habari za loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na za maparachichi aliyofungashiwa, wakati mimi niliyezaliwa hapo mara ya mwisho niliondoka mikono mitupu. Nimesikia pia ulimkalisha kwenye kigoda cha marehemu bibi, kile ambacho sisi tulikuwa tukichapwa tukikigusa.

Aliporudi akaandika mwongozo upya. Hauna utangulizi wala istilahi. Unaanza hivi: "Hujui pa kuanzia? Anza na kazi moja unayoijua, kwa mfano kuleta mchanga." Halafu unaonyesha kitufe cha kubonyeza, unasema kitakachotokea ukikibonyeza, na namna ya kurudi kama umekosea. Basi. Frederick aliusoma kwa sauti wakati wa chai, na watu wakawa wanamkatiza kwa furaha. Kutwa nzima ofisini ikawa Naisula hivi, Naisula vile, na chai yangu ikageuka shubiri. Nanyi mkaufuata mwongozo huo wa majaribio, mkaingiza kazi zenu, tangi likasimama. Ukanitumia picha. Katikati ya kina mama wote yupo Naisula, ameshika kikombe chako.

Wiki iliyopita nikashindwa kuvumilia. Nilimfuata mezani kwake nikamwuliza alitumia dawa gani, maana mama yangu mwenyewe aliniambia ameelewa. Nilitaka iwe utani, lakini sauti ilinisaliti. Akanijibu kwa upole kwamba hakufanya kitu. Alikupa simu mkononi, akakuomba umpangie Mama Anande kazi ya kuleta mchanga, kisha akanyamaza. Ulihangaika nayo, unabonyeza hapa, unarudi pale, mpaka ukamwambia, "Mwanangu, mimi sielewi hata pa kuanzia."

Akakuuliza mbona hukuniambia mimi. Nawe ukamjibu, "Eliya alisimama mbele ya watu amependeza. Ningemwaibishaje mtoto wangu?"

Sasa Mama, sikia nililofanya. Mwongozo wa Naisula ulikuwa unanisubiri mimi niukubali ili uingie kwenye toleo jipya la programu. Siku ileile, baada ya kunieleza hayo, niliukataa. Niliandika kwamba lugha yake ni nyepesi mno, haina hadhi ya kitaalamu, nikajifanya natetea Kiswahili. Frederick akaniamini. Naisula hakubisha, alisema tu atajaribu tena kuandika vizuri zaidi, na hapo ndipo aibu iliponishika. Lugha haikuwa na shida yoyote. Kilichoniuma ni kwamba mgeni alikaa jikoni kwako mchana mmoja ukamwambia huelewi, na mimi mwanao hujaniambia neno hilo tangu nijue kusoma. Mwongozo ningemwachia. Neno hilo ndilo ninalomwonea wivu, na hata ninapoandika hapa bado namwonea.

Leo asubuhi nimeukubali wote kama alivyouandika, na wangu nimeutoa. Nimemweleza Frederick sababu yangu ya kweli, Naisula akiwa amesimama hapohapo. Sikujisikia mtu mwema hata kidogo, nilijisikia mtu aliyevuliwa shati sokoni. Naisula alisema asante, akaendelea na kazi yake. Ningependa angekasirika kidogo.

Tangu hapo kuna jambo jingine halinitoki moyoni. Krismasi iliyopita nilikupigia kukueleza kwa nini sitaweza kuja, kama ambavyo sikuja ile iliyotangulia. Nilikueleza kwa kirefu habari za toleo jipya na watu wa nje wanaolisubiri, na mwisho ukasema, "Nimeelewa mwanangu, usijali." Nikakata simu na moyo mweupe, nikaenda kula pilau kwa rafiki yangu.

Jumamosi hii nakuja. Nitakaa jikoni kwako na nitanyamaza, hata ukichukua muda mrefu. Niambie kwamba hukuelewa.

Wape salamu majirani na wana kwaya wenzako, na Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Eliya