Kisahani Namba Saba

Shoga, uko wapi? Shika simu usome hii.

Unakumbuka kazi yetu ya mayai? Tunatoa utando unaomzunguka kifaranga ndani ya yai, tunaulea kwenye visahani, halafu kila siku tunapima umetengeneza proteoglikani kiasi gani, ile protini yenye sukari inayoufanya uteleze.

Sasa Jumatatu nilichemsha utando mmoja ukafa kabisa, nikauweka kwenye kisahani namba saba. Ndiyo kawaida yetu, lazima kiwepo kimoja kilichokufa kinachotoa sifuri, ndipo ujue mashine haidanganyi. Nikasahau kukibandika lebo. Nikasahau tu, wallahi!

Leo mkuu wa maabara kaja kikaoni na jedwali la vipimo, lile analolijaza mwenyewe, meno yote nje. "Namba saba ndiye nyota wetu. Kila siku anapanda."

Anapanda! Maiti, shoga! Siku nne maiti anatengeneza proteoglikani, tena anawashinda walio hai!

Nikamfuata ofisini, nikamwambia namba saba niliichemsha mwenyewe. Nilidhani atashtuka, atasingizia mashine, hata anifokee kwa ajili ya lebo. Wapi! Kanyanyuka taratibu, kafunga mlango, kaniuliza kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Nani mwingine anajua?"

Upole ule, shoga. Ungemwona!

Nikamjibu hakuna mtu. Kisha nikaja kujifungia chooni nikuandikie wewe, ili awepo.