Babu wa Saba wa Akina Danyoko

Kita, Jumatano, 18 Februari 1987.
Asubuhi ina baridi, na vumbi la jangwani limefunika kilima chote.

Kwa kaka yangu mpendwa Burama,

Nakusalimu, nawasalimu na wote walio chini ya paa lako. Wifi hajambo? Kikohozi cha mtoto kimetulia? Sisi huku tu wazima, ila mimi nina hasira, nayo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Barua hii anakuletea kondakta wa treni. Tafadhali isome siku hiyo hiyo, maana jibu lako nalihitaji kabla ya Jumatatu.

Unajua kwamba tangu Baba afariki, Shangazi Wande amekuwa akinifundisha mimi kuimba nasaba ya akina Danyoko, ambao ukoo wetu huwaimbia tangu enzi, kazi ambayo ilikuwa yako. Wewe ulichagua kutengeneza redio. Sikulaumu; au tuseme leo nakulaumu kidogo. Majina ni kumi na saba, kila moja na sifa zake, na sharti la Shangazi ni moja: hakuna kuandika. Nilipomwambia kwamba nimesoma hadi sekondari na daftari halinishindi, alijibu kuwa jina likishalala kwenye karatasi, mdomo nao hulala. Basi shajara yangu ina tarehe na hesabu tu. Juni 4, majina kumi na moja. Juni 9, kumi na manne. Jina lenyewe hata moja hamna.

Nilijaribu njia za shuleni. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba kusikia jambo mara ishirini kwa siku moja ni kazi bure. Lirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, na kila mara ulitafute kichwani mwako kabla ya kumwuliza mtu. Halafu ulale vya kutosha, maana kichwa hupanga mizigo yake usingizini. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema hayo bibi yake aliyajua bila ubao wala chaki, na juu ya hayo alimpa kila babu kiti uani: wa kwanza mlangoni, wa pili kwenye kinu, wa tatu kisimani, nawe ukipita unawaamkia mmoja mmoja. Nikafanya hivyo, na kweli majina yakakaa. Wa saba nilimketisha kwenye ghala la mtama.

Agosti ya mwaka juzi mvua iliangusha ghala. Tulizoa udongo, pakawa zizi la mbuzi. Usinicheke, kaka. Tangu siku ile nikifika pale naona mbuzi tu. Binamu Yamuru, ambaye ndiye huniitikia ninapoimba, hakuniacha nipumue kwa ule utani wa koo zetu: "Haya, mla kunde, huyo babu wa saba ana pembe ngapi?" Nilimwambia akahesabu za kwao kwanza. Shangazi alinitajia jina tena, likakaa siku mbili, likaponyoka. Kosa lilikuwa langu. Nilipokwama nilikimbilia kuuliza badala ya kulitafuta mwenyewe. Mwishowe nikaona haya, nikamwambia ninalo.

Tarehe 13 Machi mwaka jana alioa mtoto wa Mzee Fabu Danyoko. Shangazi alikuwa amekauka sauti, nikaambiwa nisimame mimi. Jambo la siku hiyo sijamwambia mtu mpaka leo.

Nilipofika kwa wa saba, sikunyamaza. Nilitunga jina. Nikampa na farasi mweupe na vita viwili. Yamuru akaitikia "Naamu" kama anavyoitikia kila kitu. Mzee Fabu akafuta machozi, akasema hajawahi kusikia babu huyo akisifiwa vile. Nikamtazama Shangazi: alikuwa ameridhika, labda kwa kuchoka, labda kwa uzee.

Nilikusudia kusahihisha, nikaahirisha. Mwezi uliopita nikamwuliza Shangazi kwa upole wa saba alikuwa nani, nipate lile la kweli. Akanijibu kwa jina langu, pamoja na farasi wake. Nilipodokeza kwamba pengine lipo jingine, alifoka kama namwonyesha titi la mama yake lilipo. Alisema alipewa jina hilo na bibi yake wakisokota pamba, mimi sijazaliwa. Kaka, hasemi uongo. Anaiona ile pamba. Na kinachonikera kuliko vyote ni kwamba mimi pia sasa namsikia akinifundisha jina hilo, kinuni, jua likichomoza, ilhali najua haikutokea kamwe.

Juzi Jumatatu bibi harusi yule alijifungua mtoto wa kiume. Jana Mzee Fabu ameleta kokwa za kola za mwaliko: Jumatatu ijayo mtoto atapewa jina la babu wa saba. Unajua maana yake. Watamwita babu, watamwamkia kama babu, na nyuma yake hakuna mtu. Na yule wa kweli atabaki nje, hana wa kumtaja.

Wewe Baba alikufundisha mpaka ulipotimiza miaka kumi na minne, na harusini hukuwepo. Kwa hiyo nakuomba: usimwulize mtu. Usianzie kwa wa saba; anza kwa wa kwanza, kwa sauti, polepole, ukitembea kichwani katika ua wetu wa zamani. Likigoma, lala, ujaribu tena asubuhi. Kinachokuja, kiandike. Kisipokuja, andika kwamba huna, wala usinitungie kwa kunihurumia. Jumapili nitakwenda kwa Mzee Fabu na kusema niliyoyafanya, uwe umeniletea jina au hukuniletea. Shangazi hatanisamehe upesi. Najua.

Nisalimie wifi na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Shangazi angekusalimu kama angejua naandika.

Jina nililolitunga sikuandikii. Ukilisoma leo, kesho utamkumbuka Baba akikufundisha.

Ni mimi mdogo wako,
Nyalen