Hati Iliyongojea Siku Njema

Jumanne, 25 Septemba 2018

Siku za kuwalisha marehemu zimeanza. Nimewawekea kunguru wali juu ya paa, wampelekee marehemu baba yangu. Sijashuka ngazi, Nivrutti akafika na mtu wa kupima ardhi. Wamepima kiwanja changu! Hata kisima nilichokichimba. Nilimfundisha Nivrutti Kisanskriti miaka mitatu. Leo ameingia barazani na viatu.

Anasema marehemu baba yake, Dattoba, aliniachia nikae tu. Nikamwonyesha mkataba wa mauzo: sahihi ya baba yake, mashahidi wawili, muhuri, bei yote imepokewa.

"Umesajiliwa, Mwalimu?"

Nikaukunja mkataba.

"Basi hiyo ni karatasi ya kufungia karanga." Akamgeukia mke wangu. "Mama, anza kufunga vyombo polepole. Baada ya sikukuu ya Dasara mnunuzi wangu anahamia."

Alipoondoka, mke wangu Sumati alitia komeo mlangoni. Mchana kweupe.

Alhamisi, 27 Septemba

Nimekwenda mjini kwa wakili, Bi Ashwini Kulthe. Ni kijana, lakini husoma hati mpaka mwisho.

Niliamini kwamba aliyelipa na kukabidhiwa ardhi hatolewi, ndiyo maana baada ya Dattoba kufa sikuhangaikia usajili. Anasema ilikuwa hivyo zamani. Tangu mwaka 2001 kinga hiyo ni ya mkataba uliosajiliwa tu. Vyumba viwili, kisima, miaka mitatu ya kuishi pale — havinikingi.

Imebaki njia moja: kumshtaki mrithi, ili mahakama imlazimishe kukamilisha mauzo. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu siku ya usajili iliyotajwa mkatabani.

"Nani aliandika hapa tarehe 5 Oktoba 2015?"

"Mimi."

"Usingetaja siku, tungehesabu tangu Nivrutti alipokataa. Lakini umetaja, Mwalimu. Mwisho wetu ni Ijumaa ya wiki ijayo."

Mkataba usio na tarehe! Nisingeweza kuuvumilia.

Jumapili, 30 Septemba

Sumati hataki tufungue kesi siku hizi. Tuishtaki nyumba ya Dattoba wakati yeye mwenyewe anakuja kula? Nilimkemea. Kisha nikakumbuka: maneno hayo yalikuwa yangu.

Niandike kama ilivyokuwa. Tarehe hiyo niliichagua Agosti bila kufungua almanaka ya siku njema na mbaya — mimi! Ilipofika, Dattoba alikuja asubuhi, amevaa kofia mpya, pamoja na mkewe Yamunabai, twende kwa msajili. Ndipo nilipofungua. Siku za marehemu: hakuna kununua, hakuna kuanza jambo. Dattoba akacheka. "Mwalimu, marehemu wangu hawana neno, hata kusoma hawajui." Nikawarudisha. Tungoje Dasara, ndiyo siku njema, nikasema.

Siku tano kabla ya Dasara moyo wake ulisimama, akiwa kwenye shamba lake la bizari ya manjano.

Jumatano, 3 Oktoba

Yamunabai amekuja kwa mlango wa nyuma, mwanawe asijue. Hakutaka hata chai.

"Shemeji, wakiniuliza nitasema kweli. Marehemu alikuuzia. Mwanangu anajua."

Sumati alimshika miguu, akalia.

"Nitasema yote," Yamunabai akaendelea. "Tulivaa, tukaja, mkaturudisha."

Alisema bila ubaya wowote.

Ijumaa, 5 Oktoba

Mahakamani, kwenye benchi la nje. Aya ya saba ya madai yetu: "Mdai alikuwa tayari kusajili wakati wote, muuzaji ndiye aliyeahirisha."

Nimemwambia Bi Ashwini si kweli. Akaketi.

"Mzee wangu, asiyekuwa tayari mahakama haimpi. Ukiandika hivyo, wakili wao ataisoma kwa sauti na kukaa chini, kesi imekwisha."

"Yamunabai atasema."

"Huenda asiulizwe. Tia sahihi. Dirisha linafungwa saa kumi na nusu."

Sumati: "Uongo mara moja tu, Baba. Mara moja!" Ana miaka sabini na moja. Atakwenda kupanga wapi?

Bi Ashwini alikwenda kununua stempu. Nikachukua kalamu. Nimefuta "muuzaji", juu yake nimeandika "mdai", kisha aya nzima nikaisahihisha kwa mwandiko unaosomeka.

Amerudi, ameona. Amekimbia na karatasi kwa mpiga chapa wa ng'ambo ya barabara, maana yenye maneno yaliyofutwa haipokelewi.

Saa kumi na dakika kumi na nane. Watu sita dirishani. Nimesimama wa saba, mikono mitupu, nikishika nafasi mpaka Bi Ashwini arudi. Sumati amebaki kwenye benchi. Amenipa mgongo.