Paka wa Nyumba ya Eda

Junda, Kisauni
14 Machi 1962

Kwa kaka yangu mpenzi Badawi,

Shikamoo. Natumai u mzima, na wifi na watoto hawajambo. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hivyo. Tangu mume wangu Hamoud azikwe sijavuka kizingiti, hata Idi nimeichungulia dirishani.

Mavyaa wangu, Bi Sheikha, hanitesi. Hunitazama tumbo tu. Kila asubuhi, kabla ya salamu, macho yake huenda huko, kutafuta kama mwanawe ameacha kitu. Hakuacha, kaka. Wewe nakwambia, yeye sijapata ulimi wa kumwambia.

Anayenifariji ni Nyange, yule paka uliyeniletea kutoka kazini kwako, nyumba ya wanyama. Sasa niwie radhi: ana mimba. Najua niliweka sahihi kwamba akikomaa nitamrudisha akatwe kizazi. Niachieni azae kwanza.

Mdogo wako,
Kuluthum

Changamwe
19 Machi 1962

Kwa mdogo wangu Kuluthum,

Marahaba, mama. Sisi wazima, wifi yako ana mafua, ila ulimi wake haujaugua.

Barua yako imenishikisha kichwa. Nilikwambia umfungie ndani. Huyo bwana harusi alipitia wapi? Memsabu Margret hana mchezo. Paka au mbwa akitoka hapa lazima akatwe, na mimba si hoja. Daktari hutoa na vitoto. Asema mitaa imejaa paka wa njaa, na hapo hasemi uwongo, maana mimi ndiye ninayewazika. Sharti liko palepale, na aliyekudhamini ni mimi. Nikimkingia kifua paka, kazi sina.

Jumanne ijayo atapita Junda na gari lake kuwachukua wote waliochelewa. Mtie Nyange kapuni. Nisamehe.

Kakako,
Badawi

Junda
28 Machi 1962

Kaka yangu,

Shikamoo. Mafua ya wifi yamepoa? Mimi sijambo, sijui kwa muda gani.

Jana Memsabu alikuja. Nilikuwa nimeshamtia Nyange kapuni, wallahi, kwa ajili yako. Akalia mle ndani, na mimi nikalia. Bi Sheikha akauliza kuna nini. Nikamwambia wanakwenda kumkata na wanawe tumboni.

"Paka wa watu huyo. Waache waende naye."

Hapo ulimi ukaniponyoka: "Mama, si vizuri kumwaga mimba katika nyumba yenye mimba."

Akanishika mabega. "U mzito, mwanangu?"

Nikainamisha kichwa.

Laiti ungemwona! Mtu ambaye tangu msiba hainuki mkekani alijitanda buibui akaziba mlango. "Humu hamtolewi kiumbe, si cha paka wala cha mtu." Memsabu akamtazama sana, kisha akasema basi, atangoja vitoto viache kunyonya ndipo Nyange akatwe. Wewe hakukutaja kwa ubaya. Nimewaokoa wote wawili, wewe na Nyange, mbona sina furaha?

Mdogo wako,
Kuluthum

Changamwe
5 Aprili 1962

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Wifi amepona, anakusalimu.

Kazi ninayo, ahsante. Lakini umefanya nini, Kuluthum? Umesahau tuliyosomeshwa chuo cha Kurani? Eda ya mjane mwenye mimba haihesabiwi miezi. Mwisho wake ni kujifungua. Umejiongezea kifungo kwa mdomo wako mwenyewe. Mwambie kweli leo, kabla hajaanza kushona vinguo. Njia ya mwongo ni fupi.

Kakako,
Badawi

Junda
18 Juni 1962

Kwa kaka yangu Badawi,

Shikamoo. Barua zako zote zimefika, usidhani nimezitupa. Nawaombea afya.

Nyange alizaa wanne. Walipoacha kunyonya Memsabu alikuja kumchukua, na amerudi na mshono wake, anakula. Ya kwake yamekwisha.

Eda yangu nayo ilitimia juma lililopita. Nilioga, nikavua nguo za eda, nikampigia magoti Bi Sheikha nikamwambia kweli yote, hata damu nilizokuwa nikizificha.

Hakukasirika. Natamani angekasirika. Alinipapasa tumbo hili bapa, akasema, "Mimba ya kwanza hiyo, mwanangu. Imeingia woga, imehamia mgongoni. Ya mama yangu mdogo ilikaa huko miaka miwili." Akaniokotea zile nguo, akanivisha kwa mikono yake. Nikaomba aitwe mkunga. Bi Mwanatatu akaja, akanipima, akasema hakuna kitu. Akafukuzwa.

Njoo unichukue, kaka. Usiniandikie tena kwamba mlango hauna kufuli, najua hauna. Lakini kila nikiushika, Bi Sheikha hulisemesha tumbo langu: "Hamoud, mamako anakwenda wapi?"

Nami hurudi nikakaa.

Mdogo wako,
Kuluthum