Ngombe na Pipa Mbili za Maji

Jumatatu, 12 Januari
Sahani zimekwisha kuoshwa. Beseni tatu, kama kawaida: ya kwanza kuondoa mabaki, ya pili sabuni, ya tatu kusuuza. Maji ya beseni ya tatu kesho inakuwa ya kwanza. Robine, bomba ya maji ya avenue yetu, haijatoa hata tone, siku ya nne sasa. Kwenye kisima mustari ni murefu. Lakini restora yangu ilijaa, maharagi ilikwisha yote. Nilifurahi.

Mangaribi baba mukwe alifika toka Bule, kwao kijijini. Siku mbili kwa miguu. Huko wanasema vita imekwisha, lakini yeye hapati usingizi. Hakuja peke yake. Amekuja na ngombe. Bwana yangu iko Aru na lori yake, kwa hiyo mimi njo nilimupokea. Nilipiga magoti, nikamukaribisha. Ngombe ilikunywa bidoni mbili nzima za maji mbele ya macho yangu. Nilicheka na meno tu.

Alhamisi, 15 Januari
Ngombe inakunywa bidoni tatu kwa siku! Leo nilifunga saa sita juu ya kukosa maji, wateja wangali mulangoni. Nimekasirika. Kavira, mwenye saluni, mutu wa kutoka Butembo, tunaishi naye parseli moja, kiwanja kimoja. Sasa anasuuza vichwa vya watu na chupa ndogo, ametoboa kifuniko matundu. Watu wa Butembo wana akili. Mimi nawaza kuchinjisha ngombe tu. Sijasema.

Ijumaa, 16 Januari
Nimepata namna. Maji ya kuoshea muchele, majani ya sombe ya muhogo na matomati nilikuwa namwaga bure. Sasa inaenda kwa ngombe. Pipa mbili nyuma ya jiko: moja bila sabuni, ya ngombe. Ingine ya sabuni, ya choo na ya kupiga deki. Muzee, baba mukwe, alionja ile ya muchele yeye mwenyewe.
"Iko tamu," akasema.
Kavira alicheka mpaka akakaa chini. Nilipika mpaka saa tisa. Siku nzuri.

Jumapili, 18 Januari
Tulitoka kanisani, tukakuta ngombe imelala chini. Povu mudomoni. Inahara. Muzee aliketi kando yake, akakataa chakula. Neno moja tu alisema:
"Ngombe walikuwa makumi ine. Njo huyu alibaki."

Ni mimi. Jana, haraka haraka, nilimwaga beseni ya sabuni kwenye pipa ya ngombe. Niliona povu. Nikajidanganya kwamba ni ya muchele, nikaendelea na kazi. Nasikia haya. Sikumuambia.

Jumatatu, 19 Januari
Nilimuambia asubuhi.
"Baba, mikono yangu njo ilimwaga sabuni. Unisamehe."
Niliogopa sana. Kisha akasema:
"Weye pia ulikuwa umechoka. Lete maji safi, mama."

Tulikuwa na bidoni tano za juma yote. Kavira alileta mbili zake bila kuombwa, akafunga saluni. Nikafunga restora. Muzee alishika kichwa cha ngombe, siye tukaimwagia maji kinywani na chupa, polepole, mpaka jua likashuka. Ilibaki bidoni moja. Ile ngombe niliyotaka ichinjwe, leo nimeiombea kwa Mungu kama vile mutoto mugonjwa.

Jumatano, 21 Januari
Imesimama! Imekula majani ya viazi. Nililia mbele ya watu, sijali.

Muzee alitafuta rangi nyekundu, akapaka pipa ya sabuni. Na suruali yake pia, na kidole cha Kavira. Hakuna mutu atakosea tena.

Jumamosi, 24 Januari
Robine ingali kavu. Tumezoea. Restora imefunguliwa, maji inazunguka toka sahani mpaka choo, hakuna inayopotea.

Mchana, wateja walipopungua, muzee aliingia ndani ya restora kwa mara ya kwanza. Akaketi kwenye meza ya dirisha. Nikaleta wali na sombe. Siku zote mimi njo namumwagia maji ya kunawa. Leo alinyanyua birika yeye mwenyewe.
"Lete mikono, mama."
Alimwaga kidogo, kidogo sana. Ilitosha.
Tukala.